Faili halifunguki kwenye seva ya ofisi: kundi moja, ACL ya Linux, au ruhusa za Windows?

Simu huwa inaita asubuhi. "Kaka, lile faili la mishahara halikubali. Jana nilikuwa naliandika vizuri tu." Fundi anafika, anaandika `chmod -R 777 /srv/ofisi`, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, faili linakubali, kila mtu anarudi kazini. Alhamisi simu inaita tena. Faili ni lilelile, aliyekwama ni mtu mwingine.

Fundi huyo nimekuwa mimi. Kwenye ofisi moja nilipiga 777 mara tatu ndani ya mwezi mmoja kabla sijakaa chini kujiuliza kwa nini ruhusa zinaharibika tena na tena wakati hakuna anayezigusa. Kumbe nilikuwa naponya mafaili yaliyopo, na ugonjwa uko kwa yale ambayo hayajazaliwa. Excel na Word zikihifadhi kazi haziandiki juu ya faili la zamani. Zinatengeneza faili jipya la muda, zinaliondoa la zamani, kisha zinalipa lile jipya jina la zamani. Wewe unaona `mishahara.xlsx` ileile, lakini kwa seva hilo ni faili lililozaliwa sasa hivi, mmiliki wake ni aliyebonyeza kuhifadhi mara ya mwisho, na ruhusa zake ni zile ambazo seva humpa kila mtoto mchanga. 777 yako ilikufa na faili la jana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza atengeneze vipi folda ya pamoja, siku hizi nazipima njia zote kwa swali moja kabla ya mengine: faili litakalozaliwa kesho litapata ruhusa gani? Hapa nalinganisha njia tatu ambazo ofisi nyingi hukwama katikati yake: folda ya kundi moja, ACL ya Linux (orodha ya nani anaruhusiwa nini), na ruhusa za Windows. Nachukulia una seva ya Linux, tuseme Ubuntu au Debian, inayotoa folda kwa kompyuta za Windows kupitia Samba, programu ambayo Andrew Tridgell aliianza Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samba hufanya kazi ya mkalimani. Upande mmoja kuna Linux, inayojua mmiliki, kundi na wengine. Upande wa pili kuna Windows, iliyozoea orodha ndefu za nani anaruhusiwa nini. Shida nyingi za ruhusa huzaliwa kwenye tafsiri hiyo.

Kwanza hakikisha ni ruhusa kweli

Usichague njia kabla hujajua mlango uliofungwa ni upi. Kuanzia kwenye kompyuta ya mtumiaji hadi kwenye faili kuna milango kadhaa, na wote hutoa malalamiko yanayofanana.

Huenda faili limeshikwa na mtu mwingine. Excel ikisema faili ni la kusoma tu, angalia `smbstatus` uone nani amelifungua. Huenda diski yenyewe imegoma: umeme ukikatika vibaya, ext4, mfumo wa mafaili wa diski hiyo, ikikuta hitilafu inaweza kujifunga isiandikwe, na hapo `findmnt` itakuonyesha `ro` badala ya `rw`. Huenda mtumiaji ameongezwa kwenye kundi leo lakini kompyuta yake iliingia kwenye seva jana. Uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia, kwa hiyo atoke na kuingia upya. Hili limenipotezea saa nyingi kuliko kosa lolote la amri.

Huenda pia kizuizi kiko juu zaidi kwenye njia. Ili kufika kwenye faili, mtu lazima awe na ruhusa ya kupita, ile `x`, kwenye kila folda iliyo juu yake. Amri ya `namei -l /srv/ofisi/uhasibu/mishahara.xlsx` huorodhesha kila hatua na ruhusa zake, na mara nyingi unaona kizuizi pale pale. Kwenye Rocky, AlmaLinux au Fedora kuna mlango wa ziada wa SELinux, mfumo wa ulinzi unaobandika lebo kwenye mafaili: ruhusa zote zinaweza kuwa sahihi na folda bado ikakataliwa kwa sababu haina lebo ya `samba_share_t`. `ls -Z` itakuonyesha.

Kisha fanya jaribio hili ukiwa kwenye seva yenyewe:

```
sudo -u neema touch /srv/ofisi/uhasibu/jaribio
```

Ikikubali hapa lakini inakataa kupitia Windows, kosa liko kwenye Samba au kwenye muunganisho wa mtumiaji. Soma mipangilio kwa `testparm -s`. Ikikataa hapahapa, kosa liko kwenye folda. Jaribio hili linatosha kwa njia mbili za kwanza. Njia ya tatu ina mambo yake, nitayafikia.

Vigezo ninavyotumia

Nimeshataja cha kwanza, yaani hali ya faili linapozaliwa. Cha pili ni idadi ya makundi yanayohitaji folda moja kwa viwango tofauti, kwa mfano wahasibu kuandika na wakaguzi kusoma tu. Cha tatu ni wepesi wa kutafuta kosa: ukiitwa saa kumi na moja jioni, unaweza kusoma ukajua nani ana nini? Cha nne ni bakapu na kuhamia seva mpya, maana ruhusa zisizosafiri na data zitakurudisha mwanzo siku mbaya kuliko zote. Mwisho naangalia ni ofisi ya aina gani inafaidika, pamoja na nani atabaki kuitunza ukiondoka.

Njia ya 1: folda moja, kundi moja

Hii ndiyo njia ya asili ya Linux. Unaunda kundi, unalipa folda, na unaweka biti ya setgid, ile 2 ya mbele kwenye 2770.

```
groupadd uhasibu
usermod -aG uhasibu neema
chgrp -R uhasibu /srv/ofisi/uhasibu
find /srv/ofisi/uhasibu -type d -exec chmod 2770 {} +
find /srv/ofisi/uhasibu -type f -exec chmod 660 {} +
```

Usisahau ile `-a` kwenye `usermod`. Ukiandika `-G` peke yake, Neema anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada.

*Faili linapozaliwa.* Setgid kwenye folda hufanya kila faili jipya lichukue kundi la folda badala ya kundi binafsi la aliyelitengeneza, na folda ndogo nazo hurithi biti hiyohiyo. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Kundi likiwa sahihi bila ruhusa ya kuandika, wenzake Neema watasoma tu. Na hapa ndipo ofisi nyingi huumia, kwa sababu Samba isipoambiwa kitu hutumia `create mask` ya 0744: mmiliki kila kitu, kundi kusoma tu. Ndiyo maana aliyehifadhi jana anaandika, na wengine wote wanaona faili la kusoma tu. Tiba iko kwenye `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba:

```
[uhasibu]
   path = /srv/ofisi/uhasibu
   valid users = @uhasibu
   read only = no
   force group = uhasibu
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
```

Baada ya hapo Excel inaweza kuzaa mafaili mapya mchana kutwa na hakuna atakayejali mmiliki ni nani, kwa kuwa haki inatoka kwenye kundi.

Kuna mwanya mmoja. Faili likihamishwa ndani ya folda hiyohiyo ya Samba halizaliwi upya. Linabadilishwa anwani tu na kubaki na kundi lake la zamani. Kwa hiyo ukiweka idara zote chini ya folda moja kubwa, faili la mauzo likiburutwa kuingia uhasibu litaendelea kuwa la mauzo. Nimeona ni bora kila idara iwe na folda yake ya Samba, kwa sababu kuhama kutoka folda moja ya Samba kwenda nyingine ni kunakili na kufuta, na nakala huzaliwa kwa sheria za nyumba mpya.

*Makundi yakizidi moja.* Huu ndio ukuta wake. Faili lina nafasi moja tu ya kundi. Mkaguzi asome bila kuandika? Kwa ruhusa za kawaida nafasi iliyobaki ni ya "wengine", na ukiifungua hiyo umefungulia seva nzima. Kuna njia ya kupita mlangoni: weka `read only = yes`, kisha `valid users = @uhasibu @wakaguzi` na `write list = @uhasibu`. Kwa kuwa `force group` ipo, wakaguzi wanafika kwenye mafaili, ila Samba haiwaruhusu kuandika. Hilo linafanya kazi vizuri kwa folda nzima. Kwa folda ndogo ndani yake halifanyi kazi.

Na kwa sababu hiyohiyo, usiache `force group` bila `valid users`. Inamfanya kila anayeingia kwenye folda hiyo ahesabiwe kuwa wa kundi. Ukitaka iwaguse wanachama halisi tu, andika `+uhasibu`.

*Ukitafuta kosa.* Hapa njia hii haina mpinzani. `ls -l` inakuambia kila kitu kwa mstari mmoja, na `id neema` inakuambia yuko kundi gani.

*Bakapu na kuhama.* `rsync -a` na `tar` za kawaida zinatosha. Angalia mambo mawili. Diski ya nje yenye exFAT haihifadhi mmiliki wala kundi, kwa hiyo bakapu ya mafaili yaliyonakiliwa kavu inarudi bila ruhusa. Yafunge kwanza kwenye `tar`. Na ukichomoa diski kutoka seva ya zamani ukaipachika kwenye mpya, kinachosafiri ni namba ya kundi, jina halisafiri. Namba 1005 huku inaweza kuwa uhasibu, na kule ikawa kundi jingine kabisa.

*Inamfaa nani.* Ofisi ndogo, idara zinazoeleweka, na fundi anayekuja mara chache. Inamfaa pia yeyote asiyeweza kuhakikisha kwamba atakayemrithi atajua zaidi ya `ls` na `chmod`.

Njia ya 2: ACL ya Linux

ACL ni orodha inayobandikwa kwenye faili au folda, yenye watu na makundi mengi kadiri unavyotaka, kila mmoja na ruhusa zake. Inaitwa ya POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya aina ya Unix, ingawa rasimu yake, 1003.1e, iliachwa mwaka 1997 bila kuwa kiwango rasmi. Linux iliipokea hata hivyo kwenye kerneli 2.6, na leo ext4 na XFS zinaielewa bila kuwashwa.

```
cd /srv/ofisi
setfacl -R -m g:uhasibu:rwX,g:wakaguzi:rX uhasibu
setfacl -R -d -m g:uhasibu:rwX,g:wakaguzi:rX uhasibu
```

Mstari wa kwanza ni wa mafaili yaliyopo. Wa pili, wenye `-d`, ni wa yale yajayo. Wengi huandika wa kwanza, wanajaribu, wanaona inafanya kazi, wanaondoka, na wiki ijayo simu inaita. Ile `X` kubwa inatoa ruhusa ya kupita kwa folda bila kuyageuza mafaili kuwa programu.

*Faili linapozaliwa.* Folda yenye ACL ya urithi huipitisha kwa kila kitakachozaliwa ndani yake, na `umask` ya mtumiaji, ile inayopunguza ruhusa za faili jipya, haisikilizwi tena. Lakini Samba inaweza kuiharibu. Ikilitengeneza faili kwa ile 0744 yake, nafasi ya kundi inakuwa `r--`, yaani kusoma tu, na kwenye mfumo huu nafasi ya kundi ndiyo dari ya orodha nzima. Matokeo yake ni haya, ukitazama kwa `getfacl`:

```
user::rwx
group::---
group:uhasibu:rwx      #effective:r--
group:wakaguzi:r-x     #effective:r--
mask::r--
other::---
```

Soma polepole. Uhasibu wameandikiwa `rwx`. Pembeni yao kuna neno `effective`, na hapo ndipo ukweli ulipo: wana `r` peke yake, kwa sababu mstari wa `mask` umewawekea dari. Fundi asiyejua mstari huo ataapa kwamba ruhusa ipo, na mtumiaji ataapa kwamba haipo, na kila mmoja atakuwa anasema alichokiona. Ongeza `inherit acls = yes`, pamoja na `create mask = 0770` na `directory mask = 0770`, kwenye folda hiyo ndani ya `smb.conf`, nayo Samba itaheshimu urithi. Kwa mafaili yaliyokwisha kuharibika, `setfacl -R -m m::rwX` huinua dari.

*Makundi yakizidi moja.* Ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Wahasibu waandike, wakaguzi wasome, meneja peke yake aingie folda ndogo ya mikataba: yote yanawezekana kwenye mti mmoja. Unaweza hata kumtoa mtu mmoja aliye ndani ya kundi. Ukiandika `u:juma:---`, mfumo hukutana na jina lake kabla ya makundi yake na kuishia hapo. Kisichowezekana ni kutenganisha kuandika na kufuta kwa usahihi. Kwenye Linux haki ya kufuta faili inatokana na folda lililomo, faili lenyewe haliulizwi. Biti ya sticky, ile 1 ya mbele kama kwenye 1777 ya `/tmp`, huzuia watu kufuta vya wenzao. Lakini kumbuka Excel huliondoa faili la zamani kila inapohifadhi, kwa hiyo kwenye folda ya kazi ya pamoja sticky itazuia hata uhariri halali.

*Ukitafuta kosa.* Inahitaji nidhamu. `ls -l` itaonyesha alama ya `+` mwishoni, na kuanzia hapo usiiamini tena safu ya kundi, maana inaonyesha dari, haionyeshi haki za kundi lenyewe. Atakayekuja na `chmod -R 750` kwa nia njema atashusha dari ya mti mzima, huku orodha zikibaki zinaonekana nzima. Mafaili yaliyohamishwa kwa `mv` nayo huja na ACL ya walikotoka, kama kwenye njia ya kwanza.

*Bakapu na kuhama.* `rsync -a` huiacha ACL nyuma, ongeza `-A`. `tar` inataka `--acls`. Kuna zawadi moja hapa ambayo naipenda sana: ukiwa ndani ya `/srv/ofisi`, `getfacl -R . > /root/ruhusa.acl` huandika ruhusa zote kwenye faili la maandishi, na `setfacl --restore=/root/ruhusa.acl` huzirudisha. Iweke ijiendeshe kila usiku. Siku mtu atakapokosea `chmod`, utarudisha hali ya jana kwa dakika chache.

*Inamfaa nani.* Ofisi ambayo folda moja inashirikiwa na makundi mawili au matatu, yenye mtu wa Linux anayepatikana. Inafaa zaidi pale ambapo baadhi ya watu au programu hufikia mafaili moja kwa moja kwenye seva, kwa sababu sheria ni zilezile kwa anayepitia Samba na anayeingia kwa `ssh`.

Njia ya 3: ruhusa za Windows juu ya Samba

Hapa unaiambia Samba ihifadhi orodha za Windows kama zilivyo, bila kuzitafsiri.

```
[ofisi]
   path = /srv/ofisi
   read only = no
   vfs objects = acl_xattr
   map acl inherit = yes
```

Usiongeze `force group`, `create mask` wala `valid users` kwenye folda hii. Zitagombana na orodha. Kazi yote inafanyika kutoka kompyuta ya Windows: bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha kichupo cha Security. Kwa kweli njia hii ina maana pale watumiaji wanapotoka Active Directory, yaani domeni inayotunza watumiaji wote mahali pamoja, iwe ya Microsoft au ile ambayo Samba yenyewe inaitoa tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012.

*Faili linapozaliwa.* Urithi ndio nguvu yake. Faili jipya huchukua orodha ya folda iliyo juu, na unaweza kusema haki fulani ishuke kwa folda ndogo tu, au kwa mafaili tu. Tofauti kubwa na njia ya pili ni kwamba ukibadilisha juu leo, mabadiliko yanashuka hadi kwa mafaili yaliyozaliwa zamani. Ila kazi ya kuyashusha hufanywa na kompyuta uliyoketi mbele yake, faili moja baada ya jingine kupitia mtandao. Mtandao ukikatika katikati, nusu ya mti inabaki na sheria za zamani. Kwa folda zenye mafaili maelfu, fanya hivyo kwa kompyuta ya waya, baada ya saa za kazi.

*Makundi yakizidi moja.* Hakuna ukuta wowote utakaougonga. Kufuta ni haki tofauti na kuandika. Unaweza kumpa mtu aongeze mafaili bila kuyasoma ya wengine. Shida ni kwamba wingi huo unavutia watu kuandika makatazo. Katazo lililoandikwa kwenye faili lenyewe hushinda, likifuatiwa na ruhusa iliyoandikwa hapohapo, kisha katazo la kurithi, kisha ruhusa ya kurithi. Kwa hiyo ruhusa ya moja kwa moja hulishinda katazo lililorithiwa, jambo ambalo huwashangaza wengi. Naepuka makatazo kabisa: asiyetakiwa simpi, basi.

*Ukitafuta kosa.* Kwa aliyezoea Windows ni rahisi. Advanced, kisha Effective Access, unachagua jina na unaona haki zake. Kumbuka kuna milango miwili, ruhusa za folda ya Samba na ruhusa za faili, na mtu lazima apite yote. Mimi huacha wa kwanza wazi kwa watumiaji wa domeni na kubana kwenye wa pili, ili pawe na mahali pamoja pa kutafuta.

Kwa mtu wa Linux hali ni ngumu. `ls -l` haionyeshi haki halisi, na lile jaribio la `sudo -u neema touch` halithibitishi kitu, kwani kinachoamua ni orodha iliyofichwa kwenye `security.NTACL`. Isome kwa `samba-tool ntacl get`. Na hili liandikwe ukutani: usipige `chmod` wala `setfacl` kwenye folda hii. Samba huweka alama ya ruhusa za Linux zilivyokuwa wakati orodha inahifadhiwa. Ikikuta zimebadilika, huiona orodha ya Windows kuwa batili na kurudi kwenye tafsiri ya ruhusa za Linux. Kazi ya siku nzima ya kupanga haki inapotea kwa amri moja ya mtu aliyetaka kusaidia.

*Bakapu na kuhama.* Tumia `rsync -aAX` ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na jaribu kurejesha kabla ya kuhitaji. Orodha hizi pia hazihifadhi majina. Zinahifadhi namba ndefu za utambulisho za domeni. Ukijenga domeni upya, hata kwa jina lilelile na watu walewale, namba ni nyingine, na folda zitajaa wamiliki wasiojulikana.

*Inamfaa nani.* Taasisi yenye domeni, idara nyingi, na wasimamizi waliosomea Windows. Uongozi ukibadilisha nani anaona nini mara kwa mara, urithi unaoshuka utakuokolea siku nyingi.

Kulingana na hali yako

Ofisi ya watu kumi, folda tatu nne, fundi wa kuitwa: anzia njia ya kwanza, na usihame mpaka ugonge ukuta wa makundi kweli.

Shule ambako walimu wanaandika na wanafunzi wanasoma: kama mgawanyo ni wa folda nzima, njia ya kwanza na `write list` inatosha. Kama kila darasa lina folda ndogo ambayo wanafunzi wanakusanyia kazi, nenda ya pili.

Programu ya uhasibu inayojiendesha kwenye seva inaandika kwenye folda hizohizo: chagua ya kwanza au ya pili.

Mna domeni tayari na kompyuta zote zimeunganishwa nayo: ya tatu, mradi kila mwenye neno la siri la root aambiwe habari ya `chmod`.

Una sanduku la NAS, yaani kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, kama Synology: tumia skrini yake yenyewe. DSM, mfumo wa Synology, ina ACL za mtindo wa Windows ndani yake, na tahadhari za njia ya tatu zinakuhusu hata kama hujawahi kufungua `smb.conf`.

Umerithi seva ambayo mtu ameshaipiga 777: usikimbilie kufunga. Andika kwanza hali ilivyo kwa `getfacl -R`, kwa sababu kuna programu fulani itakayokuwa inaitegemea 777 hiyo bila mtu kujua. Funga folda moja moja kwa njia ya kwanza, ukianza na yenye mishahara, na subiri siku mbili kabla ya kugusa inayofuata. Baada ya kila folda fanya jaribio hili kwa Excel, kupitia Windows: Neema atengeneze faili jipya na kulihifadhi, Juma alifungue, abadilishe namba moja na kuhifadhi, kisha Neema alifungue tena na kuhifadhi. Zamu ya tatu ndiyo inayokamata kosa, maana kufikia hapo faili limeshazaliwa mara mbili.